Mabega ya Kunipandisha Mwakiro

Dorotea, zima hiyo redio, na hayo machozi yafute kwanza, maana sijafa bado, na nikishakufa utakuwa na muda wa kutosha wa kulia. Audax, sogea hapa, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Na wewe Namegabe, ndugu yangu wa Kivu, umetoka Muyinga mpaka hapa Musinzira, Gitega, umebanwa kwenye ile Probox kwa ajili ya mwanamke ambaye si wa kwenu, basi kaa karibu na kichwa changu uyasikie yote, kwa sababu wewe huna fungu katika nilichonacho, na asiye na fungu hana sababu ya kuyageuza maneno. Mimi Emiliana, mjane wa Kastori, nina mambo mawili ya kuwaachia kabla pumzi haijanikimbia: stoo yangu ya pale Muyinga, kwenye barabara ya kwenda mpakani Kobero, itafanya kazi gani nikishaondoka, na ni nani watakaonibeba kunipandisha kilima cha Mwakiro nikazikwe na baba yenu. Mambo hayo yamefungwa kamba moja, mtaona, ila nipeni maji kwanza.

Ahsante. Sasa, Audax, acha kupapasa chini ya mto. Tangu asubuhi naona unavyonipangia mto huu kwa upendo mwingi, upendo ambao masika yote iliyopita sikuuona hata kwenye simu. Ufunguo wa stoo haupo hapo. Tulia, nitakwambia ulipo nikifika huko.

Sikilizeni tulikotoka, maana mnakusahau makusudi. Mimi na baba yenu tulivushwa mpaka tukiwa watoto wa mgongoni, tukakulia Tanzania, tukaoana huko, na nyinyi watatu mkazaliwa huko, wewe Audax, na Dorotea, na Prosper wangu ambaye leo hayumo humu ndani. Tulijifunza huko kulima tumbaku, tukajifunza Kiswahili cha shule, na tukajifunza jambo jingine ambalo hatukulijua ubaya wake, kwamba kila kazi ina kibarua wake, na kibarua hulipwa jioni akaenda zake, hamjuani tena. Amani iliporudi tukarudi nayo, na mabati ya msaada na Kirundi cha kubabaisha ambacho watoto wa mlimani walikuwa wakikiigiza nyuma yetu na kucheka. Na pale Mwakiro tukamkuta Nazario amejenga katikati ya shamba la babu yenu, ana migomba imezaa, ana wajukuu. Wazee wakaja na kamba, wakaligawa shamba nusu kwa nusu, sisi tukaona tumeibiwa nusu, na yeye akaona ameibiwa nusu. Misimu mingi tulipishana njiani tukitazama majani.

Lakini mlimani kuna sheria moja isiyojali ugomvi. Barabara ya gari inaishia kwenye daraja la magogo, na kutoka hapo mpaka kwetu ni kupanda tu. Mtu akizidiwa, au mama akishikwa na uchungu, inatolewa ingobyi, ile machela ya kusuka yenye miti miwili, na kila nyumba inatoa bega. Halipwi mtu. Leo wanambeba mgonjwa wako, kesho unambeba wa mwenzako, na usipotokea bila sababu, mlima mzima unajua kabla jua halijazama. Mwenye kuitunza ingobyi ya upande wetu alikuwa Nazario huyohuyo. Na baba yenu, pamoja na hasira zake zote za shamba, hakuitwa akakosa. Alimteremsha hata mama yake Nazario, akarudi mabega yamechubuka, nikampaka mafuta ya mawese huku namsema, akaniambia, "Emiliana, mtu huwezi kumchukia vizuri ukishambebea mama yake." Mimi nilicheka siku ile, yeye hakucheka.

Wewe Audax hukulielewa hilo. Ukiitwa kubeba, ulikuwa unamtafuta kijana mwingine, unamtia kitu mfukoni aende badala yako, na unarudi kulala. Ulidhani umetimiza. Watu wa mlimani walikuwa wanakutazama tu. Halafu ukahamia mjini Muyinga, na msimu ule wa mvua kubwa baba yenu akabanwa na kifua. Nikakupigia simu, mwanangu, nikiamini utakuja mbio. Ukamtumia Nazario faranga kwenye simu, ukamwambia atafute watu wamteremshe mzee upesi, na wakishafika chini utawaongeza. Nilikuwa nimesimama uani kwake. Aliitazama ile simu muda mrefu, akaizima, akaniambia mbele ya mkewe, "Mama Audax, ingobyi haikodishwagi. Mtoto yako iko na faranga. Basi faranga zimubebe."

Nilipiga magoti kwenye matope. Silionei haya, nalisema. Na Nazario alikuja, mzee yule na mgongo wake, akaushika mti wa mbele. Lakini wengine walikuwa wapi? Tuliita nyumba kwa nyumba: hapa akatoka babu mwenye ngiri, pale akatoka mke na mtoto mgongoni, kule mlango umefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwetu wanawake hawabebi ingobyi, ni mwiko, na siku ile tuliubeba mwiko pamoja na mgonjwa. Jovina, mwenzangu wa kuchambua maharage, alishika kulia, mimi kushoto, na kila kona tulimweka chini tupumue, na kila tukimweka chini aliniambia, "Poleni," yeye anayekufa anatupa pole sisi. Alikata roho kabla hatujaliona daraja. Ng'ambo gari la hospitali lilikuwa linatusubiri, dereva ameegemea mlango anakula ndizi.

Baada ya matanga Nazario alikuja kukaa nami kwenye mkeka. Akasema, "Mama Audax, lile neno nilisema juu ya hasira, Mungu anisamehe. Lakini hata ningekuya mbio, ningekuya na nani? Vijana yote ya huku, mtoto yako alishapakia." Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nazario alinila nusu ya shamba, lakini ukweli hakuninyima, na tangu siku ile nikipika maharage ya kwanza ya msimu nampelekea bakuli.

Alishapakia. Ngoja nilieleze hilo neno, Dorotea, maana wewe umekaa Gitega na ofisi yako na huyajui yote. Ile stoo niliijenga mimi, kwa maharage yangu, kabla huyu hajawa na ndevu. Wanawake walikuwa wanateremsha maharage kutoka Mwakiro kichwani, tunayamwaga sakafuni, tunachambua, ya njano huku, ya madoa kule, na Jovina anatuimbisha nyimbo za kanisani kwa ile sauti yake mbaya ambayo Mungu ameizoea. Pembeni ilikuwa mashine ya kusaga muhogo, na vijana wawili watatu wa kuiendesha na wengine wa kushona magunia. Kwenye kona alikuwa huyu Namegabe na ndagala zake, dagaa wakavu, zinanuka mpaka kituo cha polisi. Ilikuwa kazi ya vumbi, unakohoa unga, lakini jioni kila mtu alijua mikono yake imefanya nini. Halafu mafuta yakawa ya kutafutwa kwa foleni ya kutwa nzima, mashine ikanyamaza, vijana wa mashine wakaanza kukaa barazani wanatazama malori.

Na malori mnayajua. Yanatoka Dar es Salaam yamejaa, kontena limefungwa kule na litafunguliwa Bujumbura, Muyinga tunaona mkia na moshi. Dereva akisimama ni kwa ajili ya bia na mambo mengine ambayo mama hasemi mbele ya watoto wake. Yakirudi, yanarudi matupu. Sasa wewe Audax una akili, sikunyimi sifa yako, uliona jambo ambalo wakubwa wenye mikoba hawakuliona, kwamba gari linalorudi tupu linaweza kujazwa. Mimi moyo wangu uliruka, nikasema mwanangu atalijaza maharage, atalijaza unga wa muhogo, sasa Muyinga nayo itapeleka kitu. Ukalijaza watu. Ukaniambia, "Mama, niazime stoo wakati wa palizi tu, vijana wapate pa kulala kabla ya kuvuka." Nikaingia asubuhi moja nikawakuta wamelala pale tulipokuwa tunamwaga maharage, wamepangana hivyohivyo, warefu huku, wafupi kule.

Usiniinamie kichwa, nitazame. Najua utasema hukuwalazimisha. Ni kweli, njaa ndiyo iliyowalazimisha, wewe ulikuwa mlango tu. Lakini ulijua kinachofanyika ng'ambo. Ulijua kuwa wanapalilia msimu mzima kwa ahadi, na siku ya kulipwa ikikaribia tajiri mwenyewe anapeleka habari polisi kwamba shambani kwake kuna wageni wasio na karatasi, wanafukuzwa usiku na mchana na majembe yao yanabaki. Wangapi wamerudi Mwakiro na nguo walizoondoka nazo? Na bado msimu uliofuata uliwapakia tena, kwa sababu unapata chako kwa kila kichwa.

Na Prosper. Haya, sasa tumefika. Mdogo wako alikuwa kijana wa mashine, masikio yake yalikuwa yakisikia mkanda unaotaka kukatika kabla haujakatika. Mashine iliponyamaza alikosa raha. Akaja kuniaga jikoni, nikamwambia usiende, akacheka, akasema, "Mama, mimi nimezaliwa kule, naongea kama wao, nani atanijua kuwa ni Mrundi?" Ndivyo tunavyojidanganya sisi tuliorudi, tunadhani ulimi ni kitambulisho. Akapanda lori lako, Audax, nawe ukampandisha kwa mkono wako ukampa na sehemu ya mbele kwa dereva, kama ndugu. Alipiga simu mara chache. Kisha simu ikawa haipatikani. Kijana mmoja aliyerudi alisema walifukuzwa wakakimbilia upande wa mto Ruvubu, na Prosper alikuwa nyuma yake, na alipogeuka hakumwona. Sijui kama nimtaje kwenye sala za walio hai au za waliokufa. Kila Jumapili naomba zote mbili, na padri ananishangaa. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe ulilichuma ukatulisha sote.

Subirini kidogo. Nishike mkono, Dorotea. Hapana, si baridi, ni uchovu tu.

Juzi, Audax, alikuja hapa bosi wako, huyo wa Gitega, ameniletea matunda kwenye mfuko unaong'aa. Akakaa hapo ulipo, akaniambia amani imefika, mpaka umefunguka, Muyinga itakuwa mji mkubwa, na yeye anataka kuinunua stoo, aizungushie ukuta, aweke mikeka na vyoo, vijana wa Mwakiro na wa milima yote wakusanywe hapo kwa utaratibu, na karatasi, na basi badala ya lori. Akawaita kwa Kifaransa, main-d'œuvre. Nikamuuliza hilo ni neno gani, akasema maana yake ni mikono ya kufanya kazi. Nikamwambia, baba, mikono hiyo ina mama zake. Akatabasamu akadhani natania, akaacha matunda. Mengine nilimpa Namegabe, mengine nimeyaacha yaoze.

Namegabe, uliniambia neno siku ile baada ya yeye kuondoka, na nataka walisikie kwa mdomo wako, ila najua utaona aibu, basi nitalisema mimi. Alisema, "Mama Audax, mi nilishaonaka hii kwetu. Mji ya mpaka ikikosa kitu ya kuuza, inaanza kuuza batoto yake. Kiisha inabakia na manyumba ya kulaza bageni." Huyu alikimbia kwao na maiti nyuma yake, hasemi ili apendeze. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji apone kama anataka kupona. Mimi nikifumba macho naiona Muyinga hiyo. Naona forodha ya vioo, naona kompyuta, naona lami mpaka Kobero, na barabarani wazee na watoto wadogo, na mlimani wagonjwa wanakufa mlangoni kwa sababu hakuna wa kuushika mti wa nyuma. Tutakuwa tumejengewa mji mzuri usio na watu wa kuishi ndani yake, na mtauita maendeleo.

Tulipokuwa tunakuja huku, Dorotea alinipumzisha kwa wakwe zake kule Bugendana. Nilikuwa nimelazwa barazani, nikasikia wimbo, nikaona wanapita chini ya migomba na ingobyi, vijana kwa wanaume wazima, wanakwenda mbio za polepole. Anayechoka hasemi amechoka, mwenzake anaingia chini ya mti, yeye anatoka, na ingobyi haisimami, mgonjwa hata hajui bega limebadilika. Nililia pale barazani, wakwe wakadhani ni maumivu. Ilikuwa ni wivu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi Mwakiro tumebakiwa na kidole kimoja kimoja.

Basi shikeni neno langu, maana sasa sauti inaniacha.

Shamba la Mwakiro, nusu ile tuliyopewa, lile la juu Audax na Prosper wagawane, na migomba ya chini ni ya Dorotea. Najua mila inasema binti hapewi, najua wajomba watakuja na midomo yao, waambieni mimi nilililima na mila haikuja kunisaidia kupalilia. Nazario asiguswe kwenye nusu yake. Kesi hiyo imekufa pamoja na baba yenu.

Stoo. Ufunguo anao Jovina. Nilimpa siku mliyonipakia kwenye gari kuja huku, mbele ya Namegabe na mbele ya katekista, na maharage ya msimu huu ameshaanza kuyamwaga. Stoo ni yenu watatu, sawa kwa sawa. Haiuzwi, haikodishwi kulaza watu, mpaka mkae wote watatu kwenye mkeka mmoja na kukubaliana kwa midomo yenu. Wote watatu, Audax. Kwa hiyo ukitaka kumuuzia bosi wako, hakuna anayekuzuia. Kamlete Prosper. Vuka kama walivyovuka, si kwa gari la mbele, ulale walipolala, uulize shamba kwa shamba. Ukimkuta hai, mwambie mashine inamngoja na mama yake alimngoja alivyoweza. Ukimkuta amelala chini, ukae naye kwanza, usirudi haraka. Na usipomkuta kabisa, rudi ukamwombe Jovina kazi, uanze kwa kubeba magunia, na malori yale matupu uyajaze kitu kisicho na mama.

Namegabe, kona yako ni yako. Ndagala zinuke.

Mazishi sasa. Hiyo mvua imeanza, au ni masikio yangu? Haya. Gari litanifikisha kwenye daraja la magogo. Hapo mnishushe. Wewe Audax utapanda mlima peke yako, mikono mitupu, na ile simu umwachie dada yako. Watu husema mkono mtupu haulambwi, lakini Mwakiro mkono wenye kitu ndio unaotemewa mate, tulishaona. Upige hodi kwa Nazario kwanza. Umwambie hivi, mimi ni Audax wa Kastori, nadaiwa mabega, nimekuja kuomba tena. Kisha nyumba inayofuata. Usimlipe mtu. Usimnunulie mtu bia kabla. Wakija, wewe utashika mti wa mbele mpaka juu, na tangu siku hiyo ukisikia wito wa ingobyi utakuwa wa kwanza, mpaka uzeeke.

Na wasipokuja... wasipokuja, usinivute kwa punda, usiwalete vijana wa kukodi kutoka mjini. Nizikeni palepale darajani, kando ya barabara. Kila anayepita na lori aone kaburi la mwanamke aliyezaa wana wawili wa kiume, akakosa bega.

Usilie. Dorotea, mwambie kaka yako asilie, wewe ndiye mwenye kazi hiyo.

Mungu wa baba yenu awatunze... awape kazi kwenu, kazi ya kuwachosha vizuri. Awape watoto, na watoto wawe na sababu ya kubaki. Prosper, popote ulipo, umebarikiwa wa kwanza. Dorotea, umebarikiwa. Audax... Imana ibahezagire wote.

Kifua kimebana. Niinueni kidogo, niuone mlango. Si wewe, Dorotea, huna nguvu. Audax. Inama. Pitisha mkono nyuma ya mgongo, hivyo, nilaze hapo juu, hapo.

Kumbe bega unalo, mwanangu.